Usiharakishe kuwatenga vifaranga wa diskasi na wazazi wao

Samaki wako wa mapambo aina ya diskasi wakibahatika kutaga, waache vifaranga wakae na wazazi wote wawili. Wapo wafugaji wanaowahamisha mapema wakihofia wataliwa, kisha wadogo wanakufa njaa huku chakula kikielea mbele yao. Samaki huyu wa bonde la mto Amazon ana malezi ya pekee: ngozi ya baba na ya mama hutoa ute wenye protini na kinga, na huo ndio mlo wa kwanza wa watoto. Mayai huanguliwa baada ya siku 2 au 3. Siku chache baadaye, wakishaweza kuogelea, utawaona wamejazana ubavuni mwa mzazi wakidonoa. Akichoka hujitikisa ghafla, nao wakahamia kwa mwenzake. Kila nionapo hivyo huacha kazi nikatazama.

Wape wiki 3 hivi kabla ya kuwatenga, ila chakula kingine anza kuwazoesha mapema. Joto la maji lisishuke chini ya nyuzi 28, na usiku acha taa hafifu ikiwaka, watoto wasipotezane na wazazi gizani.