Kutengeneza Ngao ya Kiviking kwa Mbao za Paini na Ngozi ya Mbuzi: Hatua kwa Hatua

Mwaka 1880, wachimbaji walioongozwa na Nicolay Nicolaysen walifukua kilima cha kaburi katika shamba la Gokstad, karibu na mji wa Sandefjord nchini Norwei, wakakuta humo merikebu nzima ya Waviking, mabaharia na wapiganaji wa kale wa Skandinavia, yenye urefu wa takribani mita 23. Ubavuni mwake zilikuwa zimepangwa ngao 64, yaani 32 kila upande, zilizopakwa rangi nyeusi na manjano kwa kupokezana. Ngao hizo, zilizozikwa mwanzoni mwa karne ya 10, ndizo kielelezo ninachokifuata katika karakana yangu, ambako ninatengeneza ngao za jukwaani na za vikundi vinavyoigiza mapigano ya kale. Kipenyo chake ni takribani sentimita 94, mbao zake ni za mti laini, na unene wake, hata katikati, haufiki sentimita moja.

Mteja anayeziona kwa mara ya kwanza hushangaa kwa wembamba huo na kuomba ngao yake iwe nene zaidi. Ninamkatalia. Mviking alishika ngao yake kwa ngumi moja tu katikati, bila mikanda ya kufungia mkononi, na kazi ya ngao hiyo ilikuwa kutembea: kuufuata upanga wa adui, kuusukuma pembeni, na kurudi mahali pake kabla ya pigo la pili. Ngao ya plaiwudi ya milimita 12 inapendeza ukutani, lakini mkono ulioibeba huanza kushuka baada ya dakika chache. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini lengo ni moja, nalo ni kwamba ngao iliyokamilika, pamoja na ngozi na chuma chake, isizidi sana kilo tatu na nusu.

Hatua ya kwanza: mbao

Tafuta paini iliyokauka vizuri, yenye nyuzi zilizonyooka na isiyo na vifundo vikubwa. Paini ya Mufindi inayouzwa Dar es Salaam inafaa kabisa, na kwa aliye Kenya saiprasi hufanya kazi ileile. Mninga na mvule viache kwa ajili ya milango, kwa sababu mbali na uzito wake, mti mgumu hupasuka kwa kufuata nyuzi na kukuacha na vipande viwili, ilhali mti laini huumeza upanga na kuung'ang'ania, jambo ambalo mpiganaji mwenye ngao alilitaka litokee. Ngao iliyopatikana mwaka 2008 katika ngome ya Trelleborg nchini Denmark nayo ni ya paini.

Pasua vipande saba au vinane vyenye upana wa sentimita 11 hadi 14, kisha vipige randa hadi unene wa milimita nane. Kwa mtu wa kimo cha kawaida ninapendekeza kipenyo cha sentimita 85.

Hatua ya pili: kuunga na kukata mduara

Kingo za mbao ziunganishwe bapa kwa bapa, bila ulimi wala mfereji. Simamisha kila mbao mbili zinazopakana mbele ya mwanga. Ukiona mwanga unapita kati yake, rudia randa, kwa maana gundi haizibi uvivu wa randa. Mafundi wa zama hizo walitumia gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama, nami huitumia mteja anapotaka uhalisia kamili. Kwa kazi nyingine gundi nyeupe ya mbao inatosha. Bana kwa klampu, au kwa kamba na kabari, na uache usiku mzima.

Gundi ikikauka, piga msumari mdogo katikati, funga uzi na penseli, chora mduara, kisha ukate kwa msumeno mwembamba. Baadaye toboa tundu la katikati lenye kipenyo cha sentimita 10 hadi 11, ambalo ngumi yako itakaa. Sasa inafuata kazi ambayo wengi huiruka, yaani kupunguza unene kuelekea ukingoni. Laza ngao kifudifudi na upige randa upande wa nyuma, ukianzia kama kiganja kimoja kutoka kwenye tundu na kuteremka taratibu, mpaka ukingo ubaki na milimita nne au tano. Uzito unaoondoka hapa ni mdogo kwenye mizani, lakini kwa kuwa uko mbali na ngumi, mkono huutambua mara moja unapoigeuza ngao.

Hatua ya tatu: ngozi

Hapa usiwe na haraka, kwa kuwa ngozi ndiyo inayozishika mbao zisisambaratike zinapopigwa. Mfalme Æthelstan wa Uingereza, aliyetawala kuanzia mwaka 924 hadi 939 na kupambana na Waviking kwa miaka mingi, alipiga marufuku mafundi kufunika ngao kwa ngozi ya kondoo, na faini yake ilikuwa shilingi 30 za wakati huo. Aliyewahi kuishika ngozi ya kondoo anajua sababu: ni dhaifu, na matabaka yake huachana. Ngozi ya ndama ni nzuri, ila mimi hutumia ya mbuzi kwa sababu hupatikana kila machinjio na ni nyembamba kiasi cha kutoongeza uzito. Mbuzi mmoja mkubwa hatoshi duara la sentimita 85 bila kuunga, kwa hiyo panga mshono upite kandokando na usikatize katikati.

Ondoa manyoya, kwangua mafuta na nyama iliyobaki, kisha iloweke katika maji safi mpaka ilainike. Paka ubao gundi, tandaza ngozi, na uivute kutoka katikati kuelekea nje, ukiibana pembezoni kwa vibanio vya nguo au misumari midogo ya muda. Aliyewahi kuwamba ngoma tayari mkono wake unaijua kazi hii, isipokuwa kwamba hapa usivute kwa nguvu zote. Ngozi inapokauka hujikunja yenyewe, na ubao wa milimita nane hauwezi kushindana nayo. Ukiwamba upande mmoja tu, asubuhi utaikuta ngao imebonyea kama sahani. Wamba pande zote mbili siku hiyohiyo, iache kivulini kwa siku tatu au nne ikiwa imesimama ili hewa ipite pande zote, na usiiweke juani hata kama una haraka. Ukiigonga kwa kidole ikatoa sauti kavu na ya juu, iko tayari. Sauti ikiwa nzito na iliyofifia, gundi chini yake bado ni mbichi.

Malizia kwa ukingo. Toboa matundu madogo kuzunguka ngao yote, sentimita mbili kutoka ukingoni, yakiachana kwa sentimita tatu hivi. Kunja ukanda wa ngozi mbichi juu ya ukingo na uushone kwa uzi wa kitani uliopakwa nta. Ngao za Gokstad zina matundu kama hayo, ingawa ukanda wenyewe umeshaoza.

Hatua ya nne: kishikio na kikombe cha chuma

Kishikio ni ufito wa mti mgumu, na hapa mninga unaruhusiwa. Ufito huo upite nyuma ya ngao karibu kutoka ukingo hadi ukingo, ukizikatiza mbao kwa pembe mraba, maana huo ndio mhimili pekee wa ngao. Sehemu ya ngumi iwe ya mviringo na nene. Kutoka hapo upunguze unene kuelekea ncha zote mbili, kisha uufunge kwa misumari ya chuma ambayo ncha zake zimekunjwa na kugongwa zilale.

Kikombe cha chuma kinachofunika ngumi upande wa mbele mpe mhunzi. Mwambie akate duara la sentimita 19 au 20 kutoka kwenye bati la chuma la milimita mbili, alitie moto, na aligonge ndani ya shimo lililochongwa kwenye gogo mpaka lipate umbo la nusu tufe, huku akiacha mdomo bapa wa kupigia misumari. Jaribu ngumi yako ndani ukiwa umevaa glavu kabla ya kulipa.

Hatua ya tano: rangi

Nyeusi na manjano ni chaguo salama kwa sababu ya Gokstad. Nyekundu na nyeupe nazo zina ushahidi, na zilikuwa na maana: katika masimulizi ya Iceland kuhusu safari za Amerika ya Kaskazini, watu wa Thorfinn Karlsefni walionyesha ngao nyeupe walipotaka amani na wenyeji, na ngao nyekundu walipojiandaa kwa vita. Mshairi Bragi Boddason, wa karne ya 9, alitunga beti kuhusu picha zilizochorwa kwenye ngao aliyotunukiwa, picha za miungu na mashujaa. Basi ukitaka kuchora Thor, mungu wao wa ngurumo, akimvua nyoka mkuu wa baharini, umo katika mila yao.

Wateja wengi huniletea alama ya dira yenye mikono minane iitwayo vegvísir. Imetoka katika hati ya Iceland ya mwaka 1860, karne nyingi baada ya Waviking, nami humweleza mteja hivyo kabla ya kushika brashi. Anayetafuta imani yao ya kweli ana kitu bora zaidi: katika mashairi yao ya kidini, paa la Valhalla, ukumbi ambamo Odin, mungu wao mkuu, huwakusanya waliokufa vitani, limeezekwa kwa ngao.

Hatua ya sita: kuishika

Shika kishikio kwa ngumi iliyokaza, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, na usukume ngao mbele badala ya kuikumbatia kifuani. Shairi la Kiingereza cha kale kuhusu mapigano ya Maldon ya mwaka 991 linamwonyesha kamanda Byrhtnoth akiwapanga watu wake wapambane na Waviking, akiwaagiza wazishike ngao sawasawa, imara kwa mikono yao. Elekeza ukingo wa kulia upande wa mpinzani, ili pigo lake liteleze juu ya uso wa ngao. Ukilipokea pigo kwa uso mzima, utashtuka jinsi ngao inavyojigeuza ngumini.

Angalia miguu yako. Mifupa ya mtu aliyezikwa ndani ya merikebu ya Gokstad ina alama za makali katika miguu yote miwili, na ngao ya sentimita 85 haifiki huko isipokuwa uishushe. Mazoezini tumieni silaha butu, kofia ngumu na glavu, na mtu asipigwe kichwani.

Itakapovunjika

Itavunjika. Simulizi ya Kormák, mojawapo ya masimulizi ya kale ya Iceland, inaeleza kwamba katika pambano rasmi la watu wawili, lililopiganwa juu ya nguo ya dhiraa tano mraba, kila mmoja aliruhusiwa ngao tatu, na zikiisha alijikinga kwa silaha yake tu. Ufa mdogo unaofuata nyuzi za mbao uache, maana ngozi inaushikilia. Ubao ukikatika kabisa, ng'oa misumari ya kikombe na kishikio uvihifadhi, kwani hivyo hutumika katika ngao hata tatu au nne, kisha loweka ngozi ibanduke na uanze tena na mbao mpya.