Kukokotoa pH ya asidi dhaifu na besi dhaifu: pale x inapopuuzwa na pale isipopuuzika

Wanafunzi wa darasa la sita la sekondari ninaokaa nao jioni hapa Katindo, Goma, karibu wote wameikariri kanuni isemayo kwamba [H⁺], yaani ukolezi wa ioni za hidrojeni, ni kipeuo cha pili cha zao la Ka (konstanti ya mtengano wa asidi) na c (ukolezi wake). Kanuni hiyo si ya uongo, lakini imetokana na jambo lililopuuzwa makusudi, na anayeitumia bila kujua ni jambo gani hawezi kutambua ni lini itampotosha. Kwa hiyo katika somo hili tutaifikia kanuni kwa miguu yetu wenyewe, kisha tutaipeleka mahali inapokwama.

Tuchukue chupa ya siki ya kawaida ya jikoni, iliyoandikwa asilimia 5. Hiyo ni takriban gramu 50 za asidi asetiki katika kila lita, na kwa kuwa moli moja ya asidi hiyo ina gramu 60, ukolezi wake ni 0,83 mol/L. Konstanti yake ya mtengano, Ka, ni 1,8 × 10⁻⁵ katika nyuzi 25 za Selsiasi.

Hatua ya kwanza ni kuandika mlinganyo wa msawazo, wenye mishale ya pande zote mbili:

CH₃COOH ⇌ CH₃COO⁻ + H⁺

Mishale hiyo si pambo. Inatuambia kwamba molekuli zinazotengana na ioni zinazorudiana zinakwenda kwa kasi moja, na kwamba ndani ya chupa asidi isiyotengana bado ipo, tena ndiyo iliyo nyingi zaidi.

Hatua ya pili ni kuandika hali tatu chini ya mlinganyo: mwanzo, badiliko, na msawazo. Mwanzoni asidi ni 0,83 na ioni tunazihesabu kuwa sifuri. Kiasi x kikitengana, asidi inabaki 0,83 − x, na kila ioni inakuwa x. Hapa tayari tumepuuza kitu cha kwanza, yaani zile ioni 10⁻⁷ mol/L za H⁺ ambazo maji yenyewe huzitoa. Kwa siki hazina uzito wowote, ila asidi ikiwa dhaifu mno au chache mno zitadai nafasi yao.

Hatua ya tatu ni kuingiza thamani hizo katika usemi wa Ka, yaani zao la ioni mbili likigawanywa kwa asidi isiyotengana:

1,8 × 10⁻⁵ = x² / (0,83 − x)

Tukichukulia kwamba x ni ndogo sana mbele ya 0,83, tunaiondoa chini ya mstari, na hapo ndipo kipeuo cha pili kinapozaliwa: x² = 1,5 × 10⁻⁵, hivyo x = 3,9 × 10⁻³, na pH, yaani −log [H⁺], ni 2,41.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa na wengi, nayo haichukui hata nusu dakika. Gawa x kwa ukolezi wa mwanzo: 0,0039 kwa 0,83 ni asilimia 0,47. Desturi ni kukubali upuuzaji huo iwapo sehemu iliyotengana haizidi asilimia 5, na hapa tuko mbali sana na mpaka huo.

Sasa pima mililita 1 ya siki hiyo, uijaze maji hadi lita nzima. Ukolezi unashuka hadi 0,00083 mol/L. Kanuni ya kipeuo inatoa x = 1,22 × 10⁻⁴, yaani pH 3,91, lakini ukihakiki utakuta kwamba asilimia 14,7 ya asidi imetengana, na ile x tuliyoifuta haikuwa ndogo hata kidogo. Inatubidi kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili wenyewe:

x² + 1,8 × 10⁻⁵ x − 1,494 × 10⁻⁸ = 0

Jibu chanya ni x = 1,14 × 10⁻⁴, na pH ni 3,94. Mtu atasema tofauti ya 0,03 ni ndogo, na kwa karatasi ya kupimia pH kweli haionekani. Lakini pH ni logi, na ndani ya logi hiyo kosa la ukolezi ni karibu asilimia 8. Tazama pia jambo ambalo kwangu ni zito kuliko kosa lenyewe: tumeongeza maji mara elfu moja, na pH haikupanda vizio 3 kama ingekuwa asidi kali, bali kama kimoja na nusu tu, kwa sababu kadiri asidi dhaifu inavyozimuliwa ndivyo sehemu inayotengana inavyoongezeka. Wilhelm Ostwald aliieleza tabia hiyo mwaka 1888.

Kwa besi dhaifu njia ni ileile, ila x sasa ni OH⁻. Amonia ya 0,10 mol/L, yenye Kb (konstanti ya besi, kama Ka ilivyo ya asidi) ya 1,8 × 10⁻⁵, inatoa x = 1,34 × 10⁻³, na pOH, yaani −log [OH⁻], ni 2,87. Usiweke kalamu chini hapo. pH = 14 − 2,87 = 11,13. Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi, niliwahi kuandika kwamba pH ya amonia ni 2,87, na mwalimu akaizungushia wino mwekundu, akauliza pembeni: «Hii ni amonia au siki?»

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mbona Ka ya asidi asetiki na Kb ya amonia ni namba moja? Je, zina uhusiano?

Jibu: Marahaba. Hazina uhusiano wowote, zimegongana tu. Kinachohusiana ni asidi na besi yake pacha, yaani kile kinachobaki asidi ikishatoa H⁺: Ka × Kb = 10⁻¹⁴. Kwa hiyo ioni ya asetati ina Kb ya 5,6 × 10⁻¹⁰, na chumvi ya asetati ya sodiamu ya 0,10 mol/L inakuwa na pH 8,87, si 7 kama wengi wanavyodhani wakiona neno chumvi. Mgongano huo una tunda moja: katika asetati ya amonia pande hizo mbili zinalingana, na pH inakaa karibu sana na 7.

Swali: Nimekokotoa pH ya maji ya mvua kutokana na kaboni dioksidi ya hewani, kwa ukolezi wa 1,4 × 10⁻⁵ mol/L, nikapata 5,60. Nikihakiki naona asilimia 18 imetengana. Je, nitatue mlinganyo wa kipeo cha pili?

Jibu: Hapana, dada, na swali lako ni zuri. Ukolezi wako wa 1,4 × 10⁻⁵ umetoka kwenye shinikizo la gesi hewani, na kila molekuli inayotengana hewa inaifidia mara moja. Hivyo x haitolewi chini ya mstari, na 5,60 ndilo jibu kamili. Kama ungeyafunga maji hayo ndani ya chupa iliyojaa pomoni, gesi isiyofidiwa ingepungua, na hapo mlinganyo ungekupa 5,64. Lakini hesabu hii ni ya hewa safi. Mvua inayopita katika moshi wa volkano ya Nyiragongo hubeba pia dioksidi ya salfa na asidi hidrokloriki, na pH yake hushuka zaidi.

Swali: Ziwa Kivu lina kaboni dioksidi nyingi mno. Iweje maji ya juu yawe na pH ya karibu 9?

Jibu: Kwa sababu gesi hiyo imefungiwa kwenye vina, chini ya tabaka za maji mazito yenye chumvi nyingi, na huku juu hewa na mwani huiondoa ile kidogo inayofika, ikabaki bikabonati (HCO₃⁻). Tumia pKa (yaani −log Ka) ya kaboni dioksidi, ambayo ni 6,35: kwenye pH 9 uwiano wa bikabonati kwa kaboni dioksidi ni 10 kwa kipeo cha 9 − 6,35 = 2,65, yaani karibu 450 kwa 1. Kwenye vina, ambako pH ni karibu 6, uwiano unapinduka: kwa kila molekuli mbili za kaboni dioksidi unakuta kama ioni moja ya bikabonati.