Ganda la yai likiwa jepesi, wape kuku chokaa jioni

Wafugaji wengi wa Mbeya na Rungwe hulisha kuku wao pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, chakula kinachoshibisha lakini chenye kalsiamu kidogo mno, ilhali ganda la yai moja huhitaji takribani gramu 2 za madini hayo. Kuku asipoyapata kwenye chakula huyachota katika mifupa yake, na mayai huanza kubonyea ukiyashika au kupasuka kiotani.

Weka chokaa ya mifugo ya chembechembe katika chombo cha pembeni, ili kila kuku ajipimie, kwa kuwa jogoo na vifaranga hawaihitaji kwa wingi. Jioni ndiyo saa yake hasa, maana sehemu kubwa ya ganda hujengwa usiku, na chembe kubwa hukaa kwenye firigisi zikiyeyuka polepole. Chokaa ya kupakia ukuta isitumike kamwe, kwa sababu huunguza. Maganda ya mayai ya jikoni yanafaa pia, mradi uyakaushe kwa moto na kuyaponda hadi yasifanane na yai, wasije wakazoea kula mayai yao wenyewe.

Masika, ukungu unapowafungia kuku bandani, watoe kila jua linapochomoza, kwani bila vitamini D kalsiamu hainyonywi ipasavyo. Lakini maganda yakiharibika ghafla kwa kuku wengi, nao wanakoroma au kupiga chafya, mwite afisa mifugo, kwa kuwa huenda ni ugonjwa kama mdondo.