Somo: Kifurushi cha uzazi wa upasuaji, patana mipaka kabla ya bei

Hospitali ndogo za hapa Lamu zikiletewa mkataba wa kifurushi, wenyewe hukimbilia ukurasa wa bei. Mimi huanzia nyuma. Katika kifurushi bima hailipi sindano, glavu na kitanda kimoja kimoja. Inatoa bei moja kwa matibabu yote: yakizidi ni hasara yako, yakipungua umebakiwa.

1. Chagua ugonjwa wenye mwanzo na mwisho. Uzazi, ngiri, mtoto wa jicho. Kisukari kiache.

2. Andika siku ya mwisho. Hapa ndipo tulipoumia. Nikiwa karani wa madai, mama mmoja wa Faza alipasuliwa, akaruhusiwa siku ya tatu. Siku ya tisa karudi kwa boti, mshono unatoa usaha, leso imelowa. Akalazwa siku nne. Tukapeleka dai la pili, likarudi na mstari mmoja: "Bado ni ndani ya siku 30." Kumbe imo mkatabani kwamba akirudi ndani ya siku hizo ni kifurushi kile kile, ukurasa ambao hakuna aliyeufungua. Dawa, bandeji na kitanda vikawa juu yetu. (Marekani, mpango wa kubadilisha nyonga na goti wa Medicare, bima ya serikali ya wazee, ulioanza 2016 ulihesabu siku 90!)

3. Toa mafaili ya mwaka mzima. Usiridhike na wastani, mtafute aliyekula pesa zaidi. Ukiwa na wagonjwa 20 tu, mmoja akienda ICU, wodi ya mahututi, amemeza faida ya wote. Dai kikomo: gharama ikivuka mara mbili ya kifurushi, ziada ilipwe na bima.

4. Gawaneni pesa kwa maandishi: mpasuaji, daktari wa usingizi, maabara.

5. Sasa bei. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, imeweka shilingi 30,000 kwa upasuaji na 10,000 kwa uzazi wa kawaida, na bima binafsi watakutajia hizo hizo. Wewe taja za mafaili yako.

Maswali

Muuguzi, Kizingitini: Nauli ya boti imo?
– Isipoandikwa, tarajia kubishana. Iweke nje, pamoja na rufaa ya Mombasa.

Mhasibu, Mokowe: Mtoto akihitaji mashine ya joto?
– Huyo ni mgonjwa wa pili, dada. Mfungulie faili lake.

Daktari, Mpeketoni: Si tutashawishika kuwaruhusu akina mama mapema?
– Mtashawishika, daktari. Ndiyo maana zile siku 30 sikuzipinga tulipotia saini upya: ukimruhusu mapema akarudi mgonjwa, gharama ni yako. Niliomba tu mama aje kukaguliwa mshono siku ya tano, na gharama hiyo iingie kwenye bei.