Daftari la presha ya macho kwenye Excel: namna ya kumjua mgonjwa aliyeacha kurudi

Juzi nilikaa na muuguzi wa macho wa wilayani Newala, tukihamishia kadi za wagonjwa wa glakoma (ndiyo presha ya macho) kwenye kompyuta. Naandika hatua tulizopitia kwa kuwa kliniki nyingi za Mtwara na Lindi zina kadi za kutosha, ila hazina njia ya kujua nani hajarudi. Presha ya macho kwa wengi haiumi. Mwenye mtoto wa jicho akichelewa bado anaweza kufanyiwa upasuaji akaona tena; mshipa wa fahamu ulioharibiwa na glakoma haurudi. Kwa hiyo daftari hili lina kazi moja: kukuonyesha nani wa kumpigia simu leo.

1. Tengeneza shiti mbili

Ya kwanza ni ya wagonjwa, mstari mmoja kwa kila mtu. Ya pili ni ya mahudhurio, mstari mmoja kwa kila siku aliyokuja. Ziunganishe kwa namba ya faili, kamwe si kwa jina, maana Mohamedi, Muhamadi na Mohamed anaweza kuwa mtu yuleyule. Programu za simu kwa kazi hii sizitaki. Excel haikusumbui mtandao ukikatika.

2. Panga safu

Kwa mgonjwa: namba mbili za simu na mwenye kila simu, kitongoji, ana pumu au hana (timololi, dawa ya matone ya glakoma, ni hatari kwa mwenye pumu), na kama kaka, dada na watoto wake wamepimwa. Kwa hudhurio: presha ya kila jicho katika safu yake, saa ya kupima, kifaa kilichotumika, CDR (uwiano wa kikombe na diski ya mshipa wa jicho), uoni (kipimo cha kuona, mfano 6/60), dawa, chupa inaisha lini, tarehe ya kurudi.

3. Geuza safu ziwe maandishi KABLA ya kujaza

Hapa ndipo siku yetu ilipoishia. Ukiandika uoni wa 6/60 kwenye seli ya kawaida, Excel inadhani ni Juni 1960. Ukiandika 6/9 inageuka tarehe pia. Mwenzangu alikuwa ameshajaza kurasa nzima, akaona makosa, akabadili fomati ya safu kuwa maandishi. Ile 6/60 ikawa 22068. Kubadili fomati baadaye hakurudishi ulichoandika. Kunakuachia namba ambayo Excel inahesabia siku.

Chagua safu nzima ya uoni, bofya kulia, ingia kwenye fomati ya seli, chagua maandishi, ndipo uanze kujaza. Fanya hivyohivyo kwa safu za simu, la sivyo sifuri ya mwanzo ya 07 inapotea. Safu ambazo zimeshaharibika usizibahatishe: rudi kwenye kadi, andika upya, jicho moja baada ya jingine.

Safu za tarehe ziache ziwe tarehe, ila andika mwaka kwanza: 2025-04-03. Ukiandika 03/04/2025, kompyuta iliyopangwa kimarekani inasoma Machi 4, na mgonjwa wako wa Aprili anaonekana mtoro kabla siku yake haijafika.

4. Jaza safu ya chupa

Usiidharau. Chupa ya mililita 5 ya timololi, macho mawili, asubuhi na jioni, inakwenda takriban mwezi. Ukimwambia arudi baada ya miezi mitatu na umempa chupa moja, miezi miwili atakaa bila dawa. Anayeondoka Septemba kwenda kwenye korosho zake, mpe za kumvusha msimu.

5. Piga simu

Kwenye safu tupu andika =TODAY()-K2, kama K ndiyo tarehe ya kurudi kwenye hudhurio lake la mwisho. Namba kubwa ndiye aliyechelewa zaidi, anza naye. SMS siziamini: simu mara nyingi ni ya mjukuu, na bibi hausomi ujumbe huo. Akipokea mtu mwingine, omba kuongea na mhusika, ugonjwa usiutaje. Akija mwenyewe, msalimie vizuri, kisha uliza, "Shikamoo bibi, chupa ya mwisho ulifungua lini?" Ukimuuliza kama ameacha dawa, atakujibu hapana kwa heshima tu.

Andika sababu aliyoitoa: nauli, dawa kuisha, shamba, "naona vizuri".

6. Funga faili kwa nywila

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu daftari hili pia. Picha za shiti zisiende WhatsApp.

7. Tumia sababu ulizoandika

Ambaye chupa inamkatikia kila mara, mjadili na daktari wake kuhusu leza. Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, uliochapishwa 2021, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja leza ya SLT (inayosaidia maji ya jicho kutoka ili presha ishuke) ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timololi asilimia 31. Unapomwandikia rufaa, ambatisha presha zake zote pamoja na tarehe, saa na kifaa.