Karatasi ya grinihausi wakati wa kipupwe, hapa Mombasa

Juzi niliitwa Mtongwe na mama mmoja, shoga wa shangazi yangu. Nyanya zake zimerefuka kama minazi, mashina membamba, maua yanapukutika. "Mwanangu, ni baridi hii," akaniambia. Mama, usiku wa nyuzi 20 hivi ndio nyanya zinaoutaka. Joto la usiku wa kaskazi ndilo linalozinyima matunda. Kilichopungua pale ni mwanga. Mawingu juu, vumbi na chumvi ya bahari kwenye karatasi ya plastiki iliyofunika grinihausi yake, na neti ya kivuli ya asilimia 50 aliyoifunga Januari bado iko.

Hatua ya 1. Toa neti. Irudi jua la kaskazi likirudi.

Hatua ya 2. Osha karatasi kwa nje: maji, sabuni kidogo, ufagio laini. Dawa ya kung'arishia nguo usiitie, klorini hula kinga ya jua iliyo kwenye karatasi.

Hatua ya 3. Ikiwa imechakaa, nunua mpya yenye unene wa mikroni 200 yenye kinga ya jua. Mimi huchukua ile yenye weupe wa maziwa. Hutawanya mwanga, majani ya chini nayo yakapata. Nailoni ya kujengea usiniulize.

Hatua ya 4. Jua upande wa ndani. Hapa ndipo nilipoumia. Karatasi nyingi nzuri zina upande mmoja usiodondosha matone: mvuke ukigusa, maji hutandaa yakateremka pembeni. Mwaka wangu wa kwanza niliigeuza. Kila alfajiri matone yaliidondokea miche mgongoni, ugonjwa wa ukungu ukaingia, na mimi nanyunyizia dawa tu. Nikaja kuifungua yote na kuifunga upya, siku nzima, watu wanne.

Kwa hiyo soma maandishi ya ukingoni kwanza. Yamefutika? Kata kipande, funika sufuria ya maji moto, subiri dakika chache, kisha geuza ujaribu upande wa pili. Upande unaofanya utando mwembamba wa maji ndio wa ndani; unaofanya vitone kama jasho la chupa ya soda baridi, nje. Pande zote mbili zikitoa vitone, umeuziwa karatasi ya kawaida: ongeza mwinamo wa paa, na pazia za pembeni zifungue asubuhi mapema mvuke utoke. Hata ile nzuri, sifa hiyo huisha kabla karatasi yenyewe haijachakaa. Na kwa ndani usiisugue kwa sabuni.

Hatua ya 5. Funga kama saa nne asubuhi. Jua limeshailegeza karatasi, na kusi bado haijapamba moto. Alasiri itakunyang'anya mikononi kama tanga. Bomba za chuma zinapogusana na karatasi zipake rangi nyeupe, la sivyo zitaichoma hapo hapo.