Kuandika jina kwenye CD ya gari bila kuiharibu

Redio nyingi za gari zinazocheza CD huimeza kupitia mwanya mwembamba, na CD yenyewe ina unene wa milimita 1.2 tu. Kwa hivyo usibandike karatasi wala selotepu. Gari likishinda juani Kisumu, gundi hulainika, kona ya karatasi huinuka, na CD hukwama ndani. Hata isipokwama, karatasi iliyokaa upande huifanya iyumbe ikizunguka, nyimbo zikaanza kurukaruka. Kama umeshabandika, usiibandue: nyimbo ziko chini kidogo tu ya uso wa juu, ule unaoandikwa, na gundi inaweza kung'oa tabaka hilo. Nakili kwenye CD mpya.

Biro pia hapana. Ncha yake ngumu hutoboa tabaka lilo hilo. Tumia kalamu ya maka yenye ncha laini, iliyotengenezewa CD, na bora zaidi ya wino wa maji. Usikandamize. Mahali salama kabisa ni duara angavu linalozunguka tundu, kwa kuwa halina nyimbo. Nafasi ni ndogo, basi fupisha: "Benga 3", "Ohangla". Shika CD kingoni, na uache wino ukauke kabisa kabla ya kuitia redioni.